Soma upana wa soko kabla ya kununua mkataba wa S&P 500

Fahirisi ya S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, hupimwa kwa thamani ya kampuni. Kampuni chache kubwa zikipaa, namba inapanda hata kama hisa nyingi zinashuka. Nairobi tunaliona hilo pia: Safaricom ikiinuka, huivuta fahirisi ya hisa zote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana kabla ya kuingia mkataba wa fyucha (makubaliano ya kununua au kuuza baadaye kwa bei ya leo) nataka kujua ni hisa ngapi zinasukuma pamoja: huo ndio upana wa soko.

1. Jua saa. Kwa saa zetu za Mombasa, soko la hisa la New York hufungua saa kumi na nusu jioni wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi yao. Nusu saa ya kwanza tazama tu.

2. Chagua mkataba mdogo. Micro E-mini, mkataba wa fyucha wa fahirisi hii ulioanza Chicago mwaka 2019, una thamani ya dola 5 kwa kila pointi ya fahirisi. E-mini ya kawaida ni dola 50. Anza na ndogo.

3. Hesabu hisa. Chukua zilizopanda, toa zilizoshuka. Tuseme katika hisa 500, 350 zimepanda na 150 zimeshuka: jibu ni +200. Lakini usiishie kwenye namba, fuata inakokwenda. +200 iliyotoka +50 ni nguvu. +200 iliyoporomoka kutoka +380 huku bei ikizidi kupanda ni onyo, na hapo mimi sinunui kabisa. Tumia hesabu ya kampuni za S&P zenyewe ukiweza, kwa sababu ile ya soko zima la New York ina mifuko ya uwekezaji na hisa za upendeleo (zenye gawio lililopangwa) ambazo nyingi hufuata riba.

4. Pima kiasi cha biashara kwa kipimo kiitwacho TRIN. Kipimo hiki alikibuni Richard Arms mwaka 1967. Gawanya idadi ya zilizopanda kwa zilizoshuka, kisha ugawanye jibu hilo kwa uwiano wa kiasi cha biashara: kiasi cha zilizopanda kugawanya kwa kiasi cha zilizoshuka. Mfano: hisa 1,800 juu na 900 chini ni 2. Kiasi cha milioni 600 juu na milioni 200 chini ni 3. 2 kwa 3 ni 0.67. Chini ya 1, pesa nzito iko kwa wanunuzi. Kama kiasi kingelingana pande zote, TRIN ingekuwa 2: zilizopanda ni nyingi, ila uzito uko kwa wauzaji.

5. Amua. Bei inapanda, hesabu inapanda, TRIN iko chini ya 1: subiri bei irudi nyuma kidogo, kisha nunua. Vipimo vikipingana, kaa nje. Upana hauonyeshi mahali pa kuingia. Unakuambia upande wa kufanyia kazi.

6. Weka amri ya kukata hasara papo hapo, na iwe kwenye mtambo wa dalali, si kichwani mwako. Stima ikikatika au bando likiisha, itakulinda. Pointi 10 kwenye Micro ni dola 50, na kwa mikataba hii hasara inaweza kupita pesa ulizoweka.

7. Funga biashara yako New York inapofunga, saa tano usiku au saa sita kulingana na majira. Mkataba wenyewe huendelea kuuzwa karibu usiku na mchana, lakini asubuhi yetu soko la hisa la New York limelala. Hesabu unayoiona saa hizo ni ya jana, usiifanyie biashara.