Chana jani ujue kundi la mmea
Nimejifunza hili shambani Kizimbani, Zanzibar, kwenye viungo. Chukua jani bichi, ulichane taratibu. Likifuata mstari ulionyooka, kama la mgomba, mchaichai au tangawizi, mmea huo ni wa kotiledoni moja: mbegu huchipua na jani moja la kwanza (ndiyo kotiledoni), na mishipa ya majani hupita sambamba. Likipasuka ovyo, kama la mkarafuu, mishipa imesukwa kama wavu. Mara nyingi hiyo ni kotiledoni mbili. Lakini kiazi kikuu kina wavu, nacho ni kotiledoni moja! Mdalasini ndio unaochanganya zaidi, maana jani lake lina mishipa mitatu minene inayokwenda pamoja kuelekea nchani. Huo, pilipili manga na mkungumanga, wataalamu wa vinasaba wameiweka kundi la magnoliidi: mbegu zake zina kotiledoni mbili, lakini kundi hilo liko nje ya kotiledoni moja na nje ya kotiledoni mbili halisi.