SOMO: Reli ya treni ya bustanini kwa alumini na mbao (soma lote ndipo uulize)

Maswali ni yaleyale kila siku, basi naandika mara moja. Vipimo vyote ni milimita, pasipotajwa kingine.

1. Upana wa njia: 45, ndani kwa ndani, reli hadi reli.

2. Reli: alumini bapa ya 12 × 3, isimame kwa ubavu, kona unapinda kwa mikono. Chuma cheusi kwa chumvi ya pwani hii ni kulisha kutu. Vipande waulize mafundi wa madirisha. Ni kwa treni za betri TU.

3. Mataruma (vijiti vinavyolala chini ya reli kuzishika): 90 × 12, kimo 15, mti wa mvule au mwarobaini. Mbao laini ni karamu ya mchwa. Mita moja hula 25.

4. Mifereji ya kukalia reli. Hapa ndipo kazi huharibika. Ukikata taruma mojamoja, vipimo vitacheza na behewa litaanguka. Njia ya mkato inayovutia ni kuchukua ubao mrefu wa upana wa 90, kupitisha mifereji miwili kwa urefu wake, kisha kuukata kama mkate. Mataruma yatafanana kama mapacha, na yatavunjikia mferejini, kwa sababu nyuzi za mti zimekatiza taruma badala ya kwenda na urefu wake. Fanya kinyume: ubao wa upana wa 200 ukate vipande vya urefu wa 90, pitisha mifereji (upana 3, kina 5) IKIKATIZA nyuzi, ndipo upasue vijiti vya 12 KUFUATA nyuzi. Kila kipande hutoa 11. Kinachobaki kitupe, usikifuate na vidole kwenye msumeno. Jaribu kwanza kwenye kibao kibovu: alumini iingie kwa nyundo ya mbao, si kwa kidole.

5. Viungo: kila mita 2 acha mwanya wa 2 ukilaza asubuhi. Jua la saa saba litaujaza.

6. Kokoto ndogo chini ya njia, kina sentimita 8, maji ya masika yapate njia.

Mwanachama, Likoni: Upana ni ngapi?

Hatua ya 1.

Mwanachama, Changamwe: Treni yangu yachukua umeme relini na haitembei. Somo lina kasoro.

Hatua ya 2, sentensi ya mwisho. Alumini hujivika utando usiopitisha umeme. Somo halina kasoro, bwana.

Mwanachama, Kisauni: Shukran. Kwenye duara mbona viungo vya nje na ndani havilingani?

Swali zuri, ndugu. Reli ya nje huzidi ya ndani kwa 300 hivi kwa duara zima, liwe dogo au kubwa: 2 × 3.14 × 48 (upana 45 na unene wa reli 3). Duara la nusu kipenyo mita 1.2 hula mita 7.39 ndani, 7.69 nje, mataruma 188. Ncha usikate mpaka reli zimelala. Kwenye mataruma ya kona upana wa njia uwe 46, magurudumu yasibane.

Kisauni tena: Na kwa nini 45?

Reli ya zamani iliyoanzia hapa Mombasa kwenda bara ni ya mita moja. Mfano wa treni yake hupunguzwa mara 22.5; igawe, utapata 44.4. Ukitaka SGR ya Miritini, yenye upana wa 1435, kwa reli hiihii jenga mabehewa kwa 1 kwa 32.

Mwanachama, Bamburi: Kuku wachakura kokoto zote!

Changanya saruji kavu, sehemu 1 kwa kokoto 8, sambaza, kisha nyunyiza maji kwa chupa ya dawa ya maua. Ukimwaga kwa ndoo saruji yazama yote chini. Viungoni usiweke.