Bajeti ya shule binafsi: kuvuka Novemba na Desemba bila kugusa ada ya mwakani

Mfano wetu ni shule ya kutwa ya Tanzania Bara: wanafunzi 240, ada sh. 1,500,000 kwa mwaka, wafanyakazi 24. Bajeti iandaliwe Oktoba, kabla barua za ada hazijatoka.

1. Kadiria ada itakayoingia kweli

240 mara 1,500,000 ni milioni 360, na wengi huishia hapo. Wapo watakaohama katikati ya mwaka, kwa hiyo hesabu 225: milioni 337.5. Toa punguzo la ndugu na la watoto wa walimu, tuseme milioni 12.5, zinabaki 325. Sasa fungua leja (vitabu vya hesabu) za miaka mitatu iliyopita uone asilimia ngapi ya ada ililipwa kabla ya 31 Desemba. Ikiwa ni 92, bajeti yako ni milioni 299. Ile milioni 61 iliyopungua ukiipangia matumizi, itakurudia kama deni dukani na mishahara iliyochelewa.

2. Mishahara kwanza

Mishahara ghafi, yaani kabla ya makato, ni milioni 12 kwa mwezi. Ongeza mchango wa mwajiri NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 10, na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), asilimia 0.5: milioni 13.26. Kwa mwaka ni milioni 159.12, yaani asilimia 53 ya mapato. PAYE, yaani kodi ya mshahara, hukatwa kwa mfanyakazi na hupelekwa TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Hiyo si fedha ya shule. Usiiazime hata kwa siku mbili.

3. Gawa mwaka kwa miezi

Hapa ndipo shule nyingi huanguka, hata zile ambazo bajeti ya mwaka inaonyesha ziada. Ada huja kwa awamu, mfano Januari asilimia 40, Aprili 20, Julai 25, Oktoba 15. Mishahara hulipwa miezi 12. Novemba na Desemba karibu hakuna kinachoingia, ila unahitaji milioni 26.52 za mishahara tu. Na kama mmiliki ni kampuni inayofunga hesabu 31 Desemba, siku hiyohiyo ndiyo mwisho wa awamu ya nne ya kodi ya makadirio, yaani kodi ya mapato inayolipwa kwa awamu kwa kukadiria. Tatu za mwanzo ni mwisho wa Machi, Juni na Septemba.

Dawa yake: katika kila sh. 100 ya ada inayoingia, hamisha sh. 9 kwenda akaunti ya pembeni kuanzia Januari. Mwisho wa Oktoba utakuwa na takribani milioni 26.9.

4. Ada ya mwakani ni deni

Mzazi akilipa Desemba kwa ajili ya Januari, shule inadaiwa masomo. Iandike kama ada iliyopokelewa mapema, iwekwe akaunti yake. Ukiilipia mishahara ya Desemba, Januari inaanza na pengo, na pengo hilo hukua kila mwaka mpaka shule ikose hela ya chaki wiki ya kufungua.

5. Linganisha kila mwezi

Fanya usuluhishi wa benki, yaani linganisha vitabu vyako na taarifa ya benki, kabla ya tarehe 10. Kisha chukua rejista ya mahudhurio ya kila darasa uilinganishe na leja ya ada, jina kwa jina. Mtoto aliyehamia Februari mara nyingi yumo darasani na hayumo kwenye leja, hivyo hadaiwi chochote. Kazi hii asiifanye anayepokea ada. Mpe mwalimu wa taaluma na mhasibu waifanye pamoja.