Kugeuza ukumbi wa kikapu uwe wa wavu ndani ya jioni moja

Ndugu yangu uliyepata kazi kwenye ukumbi wa michezo wa chuo cha jamii hapa Kansas, Novemba ndiyo itakayokupima. Ligi ya wavu haijaisha, ya kikapu imeshaanza, na sakafu ni hiyo hiyo moja.

Wala usiudharau ukumbi kwa kuwa chuo ni cha miaka miwili. Sports Arena ya mji wa Hutchinson, hapa hapa Kansas, ilifunguliwa 1952, na mji huo umekuwa mwenyeji wa mashindano ya taifa ya kikapu ya wanaume wa vyuo hivi tangu 1949.

Anza kwa kufagia. Pitisha brashi pana, kavu, kwenye mbao zote, maana punje ya mchanga chini ya gurudumu la goli huchora mstari usiofutika. Magoli ya kukunjwa darini yapandishe huku macho yako juu, na asipite mtu chini.

Sasa tafuta vifuniko vya shaba sakafuni, vinavyoziba matundu ya nguzo za wavu. Vikishafunguka, vitie vyote kwenye mfuko mmoja. Nguzo zibebwe na watu wawili, zisiburuzwe hata hatua moja.

Kwenye wavu usiwe na haraka. Kaza kidogo, pima, kaza tena. Ukizungusha winchi, kile kifaa cha nguzoni kinachovuta waya wa wavu, simama ubavuni, kwa sababu waya ukikatika hurudi kwa nguvu. Kimo cha wavu kwa mechi za wanawake ni mita 2.24, nacho hupimwa katikati ya uwanja. Halafu pima juu ya mistari ya pembeni: pande zote mbili ziwe sawa, zisizidi kimo hicho kwa zaidi ya sentimita 2. Antena, zile fimbo mbili za kwenye kingo za wavu, zichomoze sentimita 80 juu ya wavu. Mistari ya uwanja wa wavu, mita 18 kwa 9, imo ndani ya ile ya kikapu, kwa hiyo muulize msimamizi rangi yake mapema.

Mechi ikiisha, kazi ninayoiangalia kuliko zote ni kurudisha vifuniko. Wengi wa vijana hawa wanatafuta nafasi ya kuhamia vyuo vikuu vya miaka minne, na kifundo cha mguu kikitenguka, msimu umekwenda. Piga magoti, pitisha kidole ukingoni. Kidole kikikwama popote, fungua kifuniko, futa vumbi ndani ya tundu, ukifunge upya.