Unamtaka kigogota shambani? Acha ule mti mkavu

Kama una miti huku Mufindi, Njombe au Tukuyu na husikii kigogota, yule ndege anayetoboa miti (wengine mnamwita kigong'ota), usikimbilie kulaumu watoto wenye manati, jiulize kwanza we mwenyewe umekata miti mikavu mingapi. Mi nilishaangusha muwati uliokufa, nimefika nyumbani napasua kuni ndo nakuta tundu duara, safi kabisa, limezama ndani ya shina na chini yake chenga laini kama kitanda, kumbe ni nyumba ya kigogota. Nilijisikia vibaya aisee.

Sasa fanya hivi. Mti ukifa na hauko karibu na nyumba wala njia, uache usimame. Kama unaogopa upepo, kata juu ubakize shina la mita 3 au 4, linatosha. Kigogota anapenda mti ulioanza kuoza ndani maana ndo unachimbika, halafu ndo wenye mabuu ya mbawakawa. Anagonga, anatoboa, anaingiza ulimi mrefu wenye mate ya kunata anavuta mabuu nje, hiyo ni dawa ya bure usiyohitaji kununua bomba. Ukipulizia sumu kila mahali unamnyima chakula.

Na tundu halimfaidii yeye tu, akishahama wanaingia ndege wengine wasioweza kuchimba, hata nyuki, ndo maana msitu bila vigogota unakosa nyumba za wengi. Shamba la paina tupu za umri mmoja, zinazovunwa kabla hazijazeeka, atakaa wapi? Bakiza hata kipande cha miti ya asili kule bondeni kwenye kinyungu (bustani ya bondeni).

Kumtafuta: nenda alfajiri, angalia chenga mpya chini ya shina. Rundo la chenga za njano maana yake kazi inaendelea juu, usipande kuchungulia. Mlio wa taratibu, ngo... ngo..., anakula, ukisikia mfululizo wa haraka kama kangoma anatangaza eneo lake. Akikuona atazungukia nyuma ya shina, vidole viwili mbele viwili nyuma, mkia umeegemea gome. We simama tu, usimfuate, baada ya muda kichwa kitachungulia upande wa pili.