Namna ya Kuandaa Nyenzo Huria na Michezo ya Kujifunzia Ili Shule Zizitumie

Mwalimu anapofungua nyenzo mpya hujiuliza kwanza kama itaingia katika kipindi cha kesho. Kwa hiyo anza na mtaala: chagua mada moja, kisha andika kwenye ukurasa wa kwanza darasa linalolengwa, maarifa ambayo mwanafunzi anapaswa kuwa nayo tayari, na dakika zinazohitajika. Mchezo unaodai kila mtoto ajisajili humaliza kipindi kabla somo halijaanza. Uondolee usajili kabisa, jambo ambalo pia hulinda taarifa za watoto.

Ndani ya mchezo wenyewe, tumia muda wako mwingi kwenye makosa. Mwanafunzi aliyejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na mchezo ukimjibu tu kwamba amekosea, atabonyeza majibu yote hadi apate la kweli bila kujifunza chochote. Mwonyeshe mstatili wenye vipande 6 vilivyo sawa, vipande 3 vikiwa nusu na 2 vikiwa theluthi. Ataona kwamba jumla ni 5/6, na kwamba 2/5 aliyoitaja ni ndogo hata kuliko nusu aliyoanza nayo. Kwangu mimi, mchezo usiofanya hivyo ni mtihani uliopakwa rangi.

Suala la leseni hupuuzwa mno. Pendekezo la UNESCO la mwaka 2019 linahesabu kuwa huria nyenzo ambazo watu wanaruhusiwa kuzitumia upya, kuzibadili na kuzisambaza. Leseni ya Creative Commons, yaani tamko la kawaida la ruhusa ambalo mwandishi huliambatanisha na kazi yake, ikiwa na alama BY peke yake inaruhusu hayo yote mradi mwandishi atajwe, ilhali yenye alama ND inamzuia mwalimu kusambaza tafsiri yake. Ruhusa hiyo haina maana ikiwa umetoa PDF pekee, basi weka pia faili linaloharirika.

Hakikisha nyenzo inafanya kazi bila intaneti. Programu kama Kolibri zimeundwa kusambaza masomo ndani ya shule kwa mtandao wa ndani tu.

Hatimaye, mkabidhi nyenzo hiyo mwalimu ambaye hukushirikiana naye kuiandaa, uketi nyuma ya darasa, na usimsaidie. Kila mahali atakapokwama, andika, na ukaparekebishe kabla ya kuongeza mada nyingine.