Namna ya kujua kijiji chenu kilikuwa wilaya gani na mkoa gani zamani (Tanzania bara)

Una karatasi ya zamani ya mzee, imeandikwa amezaliwa Mpanda, mkoa wa Tabora, na wewe unajua Mpanda iko Katavi. Usikimbilie kusema karani alikosea, alikuwa sahihi kwa mwaka wake. Mtu aliyezaliwa Mpanda 1970 kazaliwa mkoa wa Tabora, 1974 ukaanzishwa mkoa wa Rukwa na Mpanda ikaingia humo pamoja na Sumbawanga iliyokuwa ya Mbeya, halafu 2012 ukatoka Katavi. Mikoa mitatu na mzee hajahama hata nyumba!

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni MWAKA, jina la mahali linafuata. Andika mwaka wa tukio unalolifuatilia, hata kama ni makadirio, maana "kwetu kulikuwa mkoa gani" bila mwaka haina jibu.

Pili anzia leo urudi nyuma, usianzie kwa Mjerumani ukashuka, utapotea. Kijiji leo kiko kata gani, wilaya gani, mkoa gani, halafu uliza huo mkoa umezaliwa lini na umetoka wapi. Ya karibuni ni rahisi: Songwe ilitoka Mbeya 2016, Manyara ilitoka Arusha 2002. Zile nne za 2012 ndo angalia vizuri. Njombe imetoka Iringa, Katavi imetoka Rukwa, hizo nyepesi. Ila Simiyu wengi wao walikuwa Shinyanga (Bariadi, Maswa, Meatu) huku Busega ikitokea upande wa Magu, Mwanza. Geita ndo balaa zaidi, imechukua vipande vya mikoa mitatu: Geita yenyewe ilikuwa Mwanza, Bukombe ilikuwa Shinyanga, Chato ilikuwa Kagera na kabla haijawa wilaya ilikuwa ndani ya Biharamulo. Na ukirudi nyuma ya 1979 hata jina Kagera hulikuti, ule mkoa uliitwa Ziwa Magharibi. Kusini nako Lindi ilikuwa sehemu ya Mtwara mpaka 1971.

Ukifika 1963 simama kidogo. Hapo ndo majimbo ya mkoloni yakavunjwa yakawa mikoa, na mwaka huohuo utawala wa machifu ukafutwa. Nyuma ya hapo unatafuta Jimbo la Magharibi, Jimbo la Ziwa, Jimbo la Kati, Nyanda za Juu Kusini na wenzake. Mpanda yetu ilikuwa Jimbo la Magharibi. Tahadhari, neno jimbo siku hizi watu wanajua la mbunge tu, sasa mzee akikwambia "sisi tulikuwa jimbo la Ziwa" hazungumzii uchaguzi.

Na ukiongea na wazee, kiukweli usiwaulize mkoa, wengi hawakuwa na habari nao. Waulize mtemi au chifu wao alikuwa nani, kodi walilipia wapi, kesi kubwa zilipelekwa boma gani. Boma lenye kodi ndo makao ya wilaya yenu ya wakati huo, umemaliza. Wakisema akida na jumbe (viongozi wadogo waliowekwa na serikali ya mkoloni) bila kutaja mtemi, huenda kumbukumbu imeshuka mpaka kwa Wajerumani, ambao walikuwa na wilaya kubwa kubwa, nyingine kama Iringa na Mahenge zikiwa chini ya wanajeshi.

Baada ya wazee nenda kwenye karatasi. Ripoti za sensa zinasaidia sana kwa sababu kila moja inapanga maeneo kama yalivyokuwa mwaka ule: 1957, 1967, 1978, 1988, 2002, 2012, 2022. Linganisha mbili zinazofuatana utaona wilaya yenu imehama kati ya mwaka gani na gani, kisha tafuta tangazo kwenye Gazeti la Serikali la miaka hiyo, lile lenye namba ya GN (Government Notice, yaani tangazo la serikali), hilo ndo ushahidi wenyewe. Kwa enzi za Mwingereza kuna vitabu vya wilaya, maafisa wake waliandika humo habari za makabila, watemi na mipaka, vinatunzwa Nyaraka za Taifa, Dar. Uliza utaratibu kabla hujafunga safari.

Mitego sasa. Kijiji chenyewe kinaweza kuwa kilihama kweli, wakati wa operesheni vijiji miaka ya 1970 watu walisombwa wakawekwa pengine na jina wakaenda nalo. Wilaya na halmashauri nazo si kitu kimoja, Kahama ni wilaya moja yenye halmashauri za Msalala, Ushetu na Manispaa ya Kahama. Majina yanajirudia pia: kuna mkoa wa Songwe, ndani yake wilaya ya Songwe, halafu uwanja wa ndege wa Songwe uko Mbeya, sijui nani alipanga hivi. Na Katavi siku hizi kuna wilaya inaitwa Tanganyika, Karema iko huko, kwa hiyo ukiona karatasi ya 1955 imeandikwa "Tanganyika" hiyo ni nchi, wala usiijaze kwenye fomu sehemu ya wilaya.

Kwenye fomu zenyewe, kama hawajakuelekeza vingine, andika lile la kwenye cheti kama lilivyo, na la sasa liweke kwenye mabano.